Upande wa Pili wa Mashine Yako

Baba,

Nilitaka kuanza kwa salamu, kukuuliza habari za huko, kukuambia sisi huku hatujambo, kama ulivyonifundisha barua inavyoanza. Lakini "hatujambo" ni uongo, na uongo nimeshasema mwingi tangu ulipoondoka. Kwa hiyo naanza na hili: nimekasirika. Nimekasirika na wewe. Leo ndiyo mara ya kwanza nalitoa neno hilo.

Unanijua. Mbele ya watu sisemi. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, linapanda mpaka kooni, linakaa hapo mpaka mwingine anyooshe mkono. Kwa Kifaransa naogopa kukosea, kwa Kiswahili naogopa kusikika. Ulikuwa unacheka ukiwaambia wageni: "Zaina wangu anasema na klavie tu." Basi, barua hii sikutaka kuipiga kwenye vitufe vya klavie. Naandika kwa kalamu, kurasa za nyuma za daftari la fizikia.

Arobaini yako imepita. Watu walijaa uwanja mzima, walisoma, walikula wali, walisema ulikuwa mtu mwema. Kila aliyenishika kichwa alisema: "Pole, mama, njo mapenzi ya Mungu." Ndiyo mapenzi yake, wanasema, nami niliinama tu. Moyoni nilikuwa nasema: Mungu hakumpandisha kwenye pikipiki. Alipanda mwenyewe.

Ulipanda mwenyewe, Baba! Kikohozi ulikuwa nacho tayari. Mama alikuambia mvua ya njia ya Lubutu siyo ya kuchezea. Ukamjibu kwamba kuna mzee kule Obokote, amebaki peke yake kati ya wote waliotoka naye msituni, na mzee kama huyo hangoji. Mzee hangoji, sisi ndio wa kungoja. Ulivuka mto na pikipiki ndani ya mtumbwi, na kimashine chako cha kurekodi umekifunga kwenye plastiki, kifuani, chini ya shati. Kimashine kilirudi kikavu. Wewe ulirudi umelowa mpaka mifupa. Siku ya tatu ya homa ulikuwa bado unamwambia Mama hospitali kesho, leo acha nihamishe sauti ya mzee kwanza. Na ulihamisha. Nilikuona umekaa mbele ya kompyuta, blanketi mabegani, meno yanagongana, ukageuka ukaniambia: "Zaina, mama, niletee maji."

Maji. Hasira yangu inaanzia hapo, siyo kwenye pikipiki.

Tangu nilipokuwa mdogo, ile kompyuta yetu nzito ya chumba cha mbele ikiwaka ilionyesha kwanza kioo cheusi na mistari miwili myeupe. Windows juu, Linux chini. Pembeni sekunde kumi zilikuwa zinarudi nyuma: kumi, tisa, nane. Usipogusa kitu, inaingia Windows yenyewe. Ukibonyeza mshale wa chini mara moja, halafu kitufe cha Entrée, unaingia upande wa pili. Mashine moja, mifumo miwili. Uliniambia ni kama nyumba yenye milango miwili ya nje na ukuta katikati, anayekaa huku hamwoni anayekaa kule. Mlango wa Windows ulikuwa wetu sote. Hapo nilijifunza kupiga chapa kwa vidole kumi, hapo uliwachapia watu barua za kuomba kazi na mialiko ya ndoa, hapo kulikuwa na picha zetu na mchezo wa karata. Watu walileta flashi zao zimejaa virusi, virusi vikala nusu ya kila kitu, ukasema haidhuru, huo ndio upande wa wageni. Mlango wa pili ulikuwa wako peke yako, na neno la siri.

Na kila ulipotaka kuingia huko ulinituma maji. Miaka yote hiyo! Nilikuwa nakwenda mbio kwenye mtungi, nikirudi kioo kimegeuka rangi na wewe umeshavaa vile vya masikioni. Naweka bilauri, hunywi. Mama anakuja kufagia anakuta bilauri tatu zimejaa nyuma ya kioo. "Baba Zaina, maji hii iko ya nani?" Unasema, ya kwangu, niko nakuja kunywa. Nilikuwa na miaka kumi na nne nilipofahamu kwamba hukuwa na kiu. Sekunde za kuchagua, sekunde za kuandika neno la siri, ndizo hatua za mtoto kwenda kwenye mtungi na kurudi. Ulikuwa umepima, Baba. Ulinipima miguu.

Siku hiyo nilisimama na bilauri mkononi nikauliza, mimi ambaye siulizi: "Kule kuna nini?"

"Kuna kazi."

"Naweza kuona?"

Ulinitazama. Nilidhani utasema ndiyo. Ukasema: "Bado." Ukarudisha vya masikioni. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa huko mpaka Mama aliponiita kutwanga sombe ya majani ya muhogo.

Nilijua vitu vichache tu. Nilijua kwamba wakati wa vita vile vya mwanzo, mimi sijazaliwa, ulikuwa kijana anayejua kupiga taipu, na waliokuwa wameshika mji walikuchukua uwaandikie orodha za wanaume wa kuwabebea mizigo kwenda msituni. Jina, mtaa, umri. Uliweka karatasi mbili na kaboni katikati. Ya juu yao, ya chini yako, na ya chini uliikunja ukaitia ndani ya kiatu. Hiyo ulitusimulia mara nyingi, ukisimama kuonyesha jinsi ulivyotembea kama bata mbele ya askari, na sisi tunacheka mpaka machozi. Lakini hadithi yako iliishia kwenye kiatu. Wangapi walirudi, hukusema. Zile karatasi zilikwenda wapi, hukusema. Na mimi sikuuliza, nilikuwa nimeshajua jibu: bado.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nimekizunguka vya kutosha.

Ulipozikwa, siku ya tatu, Baba mudogo Assani aliita watu chumbani. Ndiye mdogo wako, ndiye mkubwa wetu sasa, Mama yuko ndani ya eda, hatoki wala hapingi. Akasema kompyuta ya marehemu haiwezi kukaa bure, ataipeleka kwenye sinema yake karibu na stesheni ya gari moshi, ijae filamu na mechi. "Zaina, weye njo unajua mambo ya mashine. Ondoa ya marehemu, achia nafasi." Nikasema ndiyo, Baba mudogo. Mimi nasema ndiyo kwa kila mtu.

Nikawasha. Sikugusa mshale, nikaingia Windows kama kawaida, nikafungua pale panapoonyesha diski. Moja ilikuwa imejaa karibu yote. Ya pili, ile D, haikuwa na jina, haikuonyesha hata kiasi kilichomo. Nikabonyeza mara mbili. Likatoka dirisha dogo, kwa Kifaransa safi cha shuleni: ili kutumia diski hii lazima kwanza uifomati. Je, unataka kuifomati? Oui, ndiyo. Non, hapana.

Usinitetee, Baba. Usiseme nilikuwa mtoto, sikuelewa. Kifaransa nakisoma tangu darasa la kwanza. Nilielewa kwamba Windows haisomi upande wako, inaona ukuta na kusema hapa hapana kitu. Nilielewa D ni nani. Nilikaa nikitazama yale maneno, na nilichokuwa nasikia kichwani ni "bado". Umekufa na bado yako. Nani sasa ataniambia imefika? Nikafikiri juu ya bilauri zote zile. Nikafikiri, kama si yangu, basi isiwe ya mtu.

Nikabonyeza Oui.

Ikaniuliza tena: vyote vilivyomo vitafutika. Watu wakiniuliza jambo mara moja natafuta pa kujificha. Mashine iliniuliza mara mbili, na mara mbili nilijibu bila kutetemeka.

Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nikaizima, nikaiwasha. Mistari miwili haikutoka. Kioo kilikuwa cheusi, kina sentensi moja ya Kiingereza inayosema mashine haitambui kilicho kwenye diski, na chini kialama kinapepesa, kinangoja amri nisiyoijua. Nikazima, nikawasha, ni hivyo hivyo. Windows nayo haikuja. Sikujua kwamba ile orodha ya milango miwili ilikuwa inakaa upande wako. Nilipovunja mlango wako nilivunja na wetu.

Baba mudogo alikuja na toroli kuichukua. Nikamwonyesha kioo. Akapiga makofi mara moja, akatikisa kichwa. "Imemufuata mwenyewe." Majirani wakasema hivyo hivyo, mashine ya marehemu imemfuata marehemu, tena wengine wakaogopa kuigusa. Nikawaacha waamini. Toroli ikarudi tupu.

Siku nne baadaye alikuja Mama Riziki.

Wewe unamjua, mimi nilikuwa simjui. Mama wa mtaa wa Alunguli, mwembamba, ana bustani ya mchicha na bilinganya kule ng'ambo, anavuka mto na beseni lake kuja kuuza huku. Mama alikuwa ndani, akaniambia nitoke nimwone. Akakaa kwenye gogo, akaweka beseni chini, akasema: "Pole, mutoto wangu. Baba yako alikuwa muntu wa ahadi. Nimekuja kusikia mama yangu."

Nikabaki nimesimama.

Akaeleza. Kaka yake mkubwa alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita, hakurudi. Mama yao alipata kujua amezikwa wapi, mtu aliyerudi alimwambia. Lakini watoto wake hakuwaambia. Miaka na miaka Riziki alimuuliza, bibi ananyamaza, anachambua mboga. Halafu wewe ukaenda kule na karatasi zako za kaboni, ukakaa asubuhi nzima, na bibi akakuambia wewe. "Yote! Kwa muntu wa kupita!" Riziki alikuja juu, akakufuata mpaka kivukoni, na wewe ukamwambia bibi amekuomba usimtolee mtu sauti ile akiwa hai, ila akishaondoka, njoo usikie. Bibi ameondoka msimu uliopita. "Nilikuwa nangoja kulia kuishe. Sasa kumeisha. Iko wapi?"

Hivyo ndivyo nilivyojua kilichokuwa upande wa pili, Baba. Sikukijua kwako. Nilikijua kwa mtu mlangoni, siku nne baada ya kukifuta.

Unajua nilimjibu nini? "Mama, hakuna umeme. Jua ni kidogo, batri haishiki."

Akasema sawa, atarudi. Na alirudi. Kila Ijumaa alirudi. Ijumaa ya pili nikasema pano la umeme wa jua limepasuka. Ya tatu nikasema neno la siri linatafutwa. Ya nne nikajilaza ndani nikamtuma mdogo wangu Amina aseme naumwa, na Mama Riziki akaniachia fungu la mchicha, wa kuongeza damu. Nilikula mchicha ule. Ulikuwa mtamu. Ya tano jua lilikuwa utosini, mbwa wamelala kwenye kivuli cha ukuta, na mimi nikasema tena batri. Akainua macho juu polepole. "Jua lote hii, mutoto wangu?" Hakugomba. Akajitwisha beseni akashuka kivukoni.

Jumatatu iliyofuata nililifunga lile sanduku la kompyuta kwenye kitenge cha Mama, nikalibeba kichwani mpaka sokoni, kwa fundi Bosco anayetengeneza simu na mashine chini ya mwavuli. Akawasha, akatazama kile kioo cheusi, akapiga mluzi. "Nani amekufia humu?" Nikasema sijui, imejifuta yenyewe. Akacheka bila kuniangalia. "Mashine haijifute, mudogo wangu. Iko muntu alisema ndiyo."

Baba, sijui sauti ilitoka wapi. "Njo miye!" Muuza chaja wa meza ya pili aligeuka, wateja wakageuka. Nilisema tena, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza: "Njo miye nilisema ndiyo. Mara mbili." Halafu nikalia hapo hapo sokoni, mbele ya watu, mimi.

Fundi Bosco akanipa kigoda. Akanieleza kwamba kufomati kwa haraka hakuondoi vitu, kunaondoa orodha ya vitu. Ni kama umemng'olea mtu ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Maneno yangali ndani, ila hakuna anayejua yanaanzia wapi, na ukiandika juu yake ndipo yanakwisha kweli. "Mumeandika kitu juu? Filamu, muziki?" Nikakumbuka toroli ya Baba mudogo iliyorudi tupu. Hapana, hakuna aliyeweza, haikuwaka tena. "Basi kufa kwake njo kumeiokoa," akasema, akaanza kufungua skrubu.

Siku mbili mashine yake ilisoma diski yako, kipande kwa kipande. Nilikwenda kila nikitoka shule, nikakaa kwenye kigoda, nikatazama vitu vinavyotokea. Sauti mia tatu na zaidi, Baba. Mia tatu! Nyingi zimekatika mwanzo, zingine nzima. Lakini majina yake yote yamekwenda. Wewe uliyekuwa unaandika jina hata kwenye betri za tochi, najua kila sauti uliipa jina la mtu, kijiji, jina la aliyepotea. Sasa kila moja inaitwa herufi moja na tarakimu nyingi zisizo na maana. Watu waliochukuliwa kwa majina, wewe ukayaficha majina kwenye kiatu, ukayatunza miaka yote, na mimi mwanao nikayafuta kwa kidole kimoja.

Fundi alirudisha mifumo yote miwili, wako kwanza. Nikaingiza sauti ndani. Halafu nikavuka mto.

Nilimkuta Mama Riziki anapalilia. Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya mtumbwi, yakanitoka yote. Nikamwambia tu hivi: jua lilikuwepo. Batri ilikuwepo. Mimi nilifuta, kwa hasira, sikujua ni mama yako, lakini nilijua ni kitu. Vimepatikana, havina majina, sijui kama yeye yumo.

Alisimama na jembe. Akasema, na kila neno alilipiga chini kama anatwanga: "Ijumaa tano! Ijumaa tano niko navuka muto na magoti yangu haya, na weye uko unanionyesha mawingu! Nilikupa muchicha!" Majirani wakatoka. Akanitukana vizuri, sikukimbia. Alipochoka akatupa jembe, akafunga kitenge upya kiunoni. "Twende," akasema.

Tulisikiliza alasiri tatu. Mama alitoka chumbani akaketi nasi, Amina kwenye mkeka. Sauti baada ya sauti, wazee, akina mama, mmoja anaimba, mmoja analia tu mpaka mwisho. Na katika kila moja kuna wewe. Hilo hukunitayarisha nalo. Kila iliyobaki na mwanzo wake, wewe kwanza: "Jina lako nani, mama? Sema polepole, hatuna haraka." Hatuna haraka! Ulikuwa na muda kumbe. Ulikuwa na sauti laini ambayo mimi sikuwahi kuisikia chumbani mwetu, na uliipeleka Kalima, uliipeleka Obokote, uliwauliza watu mia tatu majina yao. Nilikuwa natazama kama iko moja, hata fupi, inayoanza na "Zaina". Hakuna. Nimezifungua zote. Hakuna, Baba.

Alasiri ya tatu, katikati ya moja iliyokatika mwanzo na kukwaruza hata sauti haitambuliki, bibi mmoja alikatiza maneno yake akapiga kelele: "Riziki! Mbuzi ile iko nakula mahindi yangu!" Mama Riziki akaruka kutoka kwenye kiti kama ameitwa. Alikuwa amekwisha fika mlangoni alipokumbuka. Akarudi, akaketi chini kabisa, kwenye sakafu, karibu na spika.

Bibi alisema kila kitu. Njia ya Kalima, kabla ya daraja la miti, mkono wa kushoto, penye michikichi mitatu iliyoota pamoja. Wenzake ndio waliomzika, wakamwekea sahani yake ya bati kichwani. Mama Riziki alikuwa anarudia kila neno kwa mdomo bila sauti. Halafu tukakusikia unauliza: "Mama, mbona Riziki haukumwambia?"

"Riziki iko na miguu," bibi akasema. "Nikimwambia atakwenda, na njia ile wangali na bunduki. Mashine yako haina miguu. Miye niko naogopa miguu yake."

Ukacheka kidogo. Nakijua kicheko kile. Ukasema: "Hata miye iko mutoto wangu, ananiuliza. Namwambia bado."

"Bado mpaka lini?"

Hukujibu. Nilisogea. Nilikuwa na uso karibu na spika kama Mama Riziki. Kiti kililia, kuku walipita, na wewe hukujibu. Halafu ukasema: "Endelea, mama." Na bibi akaendelea na habari za ndugu wengine.

Mpaka lini, Baba? Bibi alikuuliza vizuri. Ulikuwa na wakati wa kufikiri. Nimeirudisha mahali hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, kana kwamba safari moja utajibu. Najua uliogopa. Najua mashine haina miguu na mimi ninayo. Lakini njia ya Kalima siku hizi pikipiki zinazobeba madini ya kasiterite zinapita mchana kutwa, bunduki zile zilikwisha kuondoka miaka mingi, na bado yenu haikuondoka. Mliisahau mlangoni imesimama, kama askari ambaye hakuna aliyemwambia vita vimekwisha.

Mama Riziki alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Halafu akasema, siyo kwangu, kwa spika: "Miguu! Kumbe kosa langu njo miguu!" Akaanza kulia, akaanza kucheka, na mimi nikaanza, na Mama alitutazama sisi wawili kama wendawazimu. Hakuna mtu mwingine mji mzima wa Kindu aliyekuwa na hasira yangu ile ile. Tulikuwa nayo wawili, mimi na mama wa miaka hamsini.

Kiangazi kikifika atakwenda penye michikichi na ndugu zake. Ameniambia twende wote, nibebe kimashine. Mama hajakubali, hajakataa. Ukitaka kujua, vita vimerudi tena, huko mashariki, na watu wanafika hapa na magodoro kichwani, wanakaa shuleni kwetu, na akina mama wao wanauliza walipo wana wao, kama walivyouliza akina mama wa vita vile vya mwanzo. Nimekwenda mara moja. Niliketi mbele ya mmoja nikasema: "Jina lako nani, mama?" Sauti yangu ilikuwa ndogo hata yeye akainama kunisikia. Lakini alinijibu.

Nakuahidi hivi. Kila sauti nitairudishia jina lake. Nitawaita watu waje wasikilize mpaka kila herufi na tarakimu zake ziwe mtu. Zingine hazitapata mwenyewe, najua, na hizo ni zangu kuzibeba. Neno jipya la siri analo Mama, ninalo mimi, analo na Mama Riziki. Juzi Amina aliniuliza kule kuna nini. Nilimwambia avute kiti.

Na nimebadilisha kitu kimoja zaidi kwenye ile mistari miwili, fundi Bosco alinionyesha. Nimeondoa zile sekunde kumi. Kompyuta ikiwaka sasa haihesabu, haimkimbizi mtu, haimchagulii. Inakaa na milango yote miwili mpaka mtu mwenyewe abonyeze.

Bilauri iko mezani. Maji nakunywa mwenyewe.

Lala salama, Baba. Dua yako naisoma kila Ijumaa, hiyo siwezi kukunyima. Unaniuliza kama nimekusamehe?

Bado.

Mwanao,
Zaina